Siku ya Maskati na dada yangu: kutoka Msikiti Mkuu hadi soko la Matrah

Maskati haina katikati. Mji umejinyoosha kwa kilomita nyingi kati ya milima ya mawe matupu na Bahari ya Oman, na karibu kila safari ya gari inapitia barabara moja, ya Sultan Qaboos. Ukipanga siku yako ovyo, utakwenda na kurudi barabara hiyohiyo, nauli inateketea na jua linakukuta njiani. Mimi na dada yangu tulianzia magharibi, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, tukamalizia mashariki, Matrah, mtaa wa bandari wenye soko la zamani. Mpango huo ndio ninaoupendekeza kwa mwenye siku moja tu, hasa ndugu wa kiume na wa kike wanaotaka kuona mambo pamoja.

Sababu kubwa ni saa za msikiti. Wageni wasio Waislamu huruhusiwa kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Ijumaa hakuna ziara. Muislamu anaweza kuingia kusali wakati wake, na hapo ndipo wengi hukosea. Wakati wa sala, wanawake wana ukumbi wao, na zulia lile mashuhuri liko ukumbi mkubwa wa wanaume. Mwanamke anayengoja adhuhuri atasali vizuri, lakini zulia hataliona. Kwa hiyo hata ninyi Waislamu, mkienda na dada zenu, nendeni asubuhi, saa za wageni. Sisi tulikuwa langoni saa mbili kamili, kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu.

Mavazi hukaguliwa mlangoni. Mwanamke afunike nywele zote, mikono hadi viganjani na miguu hadi kwenye vifundo. Mtandio mwepesi unaoonyesha nywele haukubaliwi. Dada alivaa buibui lake la kila siku akapita moja kwa moja. Mwanamume avae suruali ndefu, na shati la mikono mirefu ni salama zaidi. Viatu huvuliwa na kuwekwa kwenye rafu za nje. Chukueni soksi, maana marumaru hupata moto jua likipanda.

Msikiti ulifunguliwa mwaka 2001. Una minara 5, na ule mkubwa una urefu wa karibu mita 90. Ndani, zulia ni kipande kimoja chenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 4,000 na uzito wa tani 21, kazi ya wafumaji wa Iran iliyochukua miaka 4. Mgeni halikanyagi: limetandikwa ukanda wa buluu wa kupitia, na ukitoka nje ya ukanda mlinzi atakurudisha. Simameni chini kabisa ya kuba mtazame juu. Taa kubwa inayoning'inia hapo ina urefu wa mita 14, na kutoka mlangoni haionyeshi ukubwa wake. Kisha msitoke upesi. Vibaraza vya pembeni vina vijumba vya vigae, kila kimoja kwa mtindo wa nchi tofauti ya Kiislamu, na watu wengi huvipita wakikimbilia basi. Dada alikaa huko muda mrefu kuliko ukumbini, na mimi namuunga mkono.

Kabla ya kupanda teksi, zoeeni pesa. Rial moja ni baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Ukiona 2.500, hiyo ni rial mbili na nusu. Baisa 500 ni nusu rial tu, na mgeni aliyezoea shilingi huziona kama pesa nyingi. Kosa la kinyume ndilo linaloumiza zaidi: rial ni pesa nzito, imefungwa kwa takriban dola 2.6, hivyo "rial kumi tu" si kitu cha kutoa bila kufikiri. Teksi za rangi ya chungwa na nyeupe nyingi hazina mita. Patana bei kabla mlango haujafungwa, au tumieni teksi za kuita kwa simu ambazo bei yake inajulikana mapema. Kutoka msikitini hadi Maskati ya zamani ni mwendo wa zaidi ya kilomita 20.

Mchana tuliufanya wa Makumbusho ya Taifa, mkabala na Al Alam, kasri la Sultani wa Oman. Hata Januari, jua la saa sita huakisiwa na mawe ya milima na kukuchosha haraka, na makumbusho yana ubaridi. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 2016. Mkiwa na saa mbili tu, anzeni na ukumbi wa mambo ya bahari, kwa sababu mtu wa pwani yetu ataona humo majahazi anayoyafahamu. Ijumaa makumbusho hufunguliwa mchana.

Kasri lenyewe, la nguzo za buluu na dhahabu, huonekana kwa nje tu. Mkizunguka upande wa bahari mtaona ngome mbili juu ya miamba: Mirani kushoto mkielekea bahari, Jalali kulia. Wareno waliuteka mji mwaka 1507 na kujiimarisha hapa mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1650. Miaka 48 baadaye, mwaka 1698, Waomani haohao waliwatoa Wareno Fort Jesus, Mombasa. Aliyewahi kusimama kwenye kuta za Mombasa atazitambua hizi mara moja. Askari wa zamu msiwapige picha.

Matrah ni kilomita chache kutoka hapo, kwa kufuata barabara ya ufukweni. Tulitembea jioni, tukapita Riyam penye chetezo kikubwa cheupe juu ya kilima. Mchana msijaribu, kivuli ni haba mno. Soko hufunguliwa asubuhi, hufungwa karibu saa saba, na hurudi saa kumi hadi saa nne usiku. Ijumaa asubuhi maduka mengi huwa yamefungwa. Tazameni pia bandarini: kukiwa na meli ya watalii imefunga gati, vichochoro hujaa na bei ya kwanza hupanda. Pembeni mwa soko kuna mtaa wenye ukuta na lango, Sur al-Lawatia. Huo ni makazi ya watu, msiingie.

Ubani ndio wa kununua hapa. Dada alipomwamkia muuzaji mmoja "Shikamoo mzee," alijibiwa "Marahaba mwanangu, karibuni," kwa Kiswahili cha Unguja. Wazee wa namna hiyo ni wengi Matrah. Alitumwagia chembe kiganjani na kutuonyesha la kutazama. Ubani bora wa Dhofar, mkoa wa kusini mwa Oman, uitwao hojari, ni mweupe wenye ukijani, na ukiuinua kwenye taa mwanga unapenya. Wa hali ya chini ni wa kahawia, una vumbi na vipande vya gome. Gome likiungua hutoa harufu ya ukuni na kuharibu chumba. Omba chembe moja ichomwe mbele yako, lakini kwanza makaa yawe yamefanya majivu meupe juu. Makaa mabichi hufanya hata ubani mzuri unuke moshi. Nunua kwa uzito, si kwa uzuri wa kopo.

Kofia, ambazo wao huziita kumma, zinataka jicho vilevile. Igeuze ndani nje. Iliyodariziwa kwa mkono ina vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na ndani ni safi karibu kama nje. Ya mashine ina nyuzi zinazoruka kutoka ua moja hadi jingine. Tofauti ya bei ni kubwa sana, na muuzaji mwaminifu atakuambia ipi ni ipi ukimuuliza waziwazi. Halwa onjeni kabla ya kununua; kila duka hukupa kijiko, pamoja na kahawa chungu yenye iliki. Ukitosheka, tikisa kikombe, la sivyo utaendelea kumiminiwa.

Chakula cha usiku tafuteni mishkaki ya makaa kwenye vibanda, inayotolewa na mchuzi wa ukwaju. Ule pilipili kiasi, maana wao hawaihurumii. Kwa kurudi, basi namba 4 la shirika la Mwasalat huunganisha Matrah na mtaa wa Ruwi kwa baisa chache, na Ruwi ndipo mabasi ya magharibi yanapoanzia. Soma ratiba kituoni mapema jioni, kwa sababu ukilikosa la mwisho, dereva wa teksi anajua huna njia nyingine na bei yake itaonyesha hivyo.