Mradi wa seleniamu na minyoo, wiki ya 10: mgonjwa alikuwa mtungi

Nimempata mchawi. Wiki tano nimemsaka ndani ya matumbo ya mbuzi, kumbe amejikalia kwenye kona ya stoo, ndani ya mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia, lita 5.

Mnaofuata kumbukumbu hizi mnaujua mpango. Mbuzi 24, chotara wa Toggenburg. Nusu wachomwe sindano ya seleniamu (madini ambayo mwili huyahitaji kidogo sana) na vitamini E, nusu waachwe, wote walishe pamoja, na kila Jumamosi nihesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi chao. Chanzo ni vile vitoto viwili vya mwaka jana vilivyozaliwa na miguu iliyokakamaa kama ya meza. Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa wa misuli myeupe, akachoma sindano. Kimoja kikasimama kesho yake, cha pili tukakizika. Akaniambia udongo wetu huu wa majivu ya volkano, kati ya Gilgil na Elementaita, ni maskini wa seleniamu. Mimi nikajiuliza: kama misuli inadhoofika hivyo, je, kinga? Maana panya wa maabara wakinyimwa seleniamu huchelewa kuwatoa minyoo wa utumbo, hilo limeonyeshwa Marekani zaidi ya mara moja. Sasa mbuzi wangu, ambao kila msimu wa mvua ndefu hushambuliwa na Haemonchus, yule mfyonza damu wa tumbo la nne?

Basi tuje kwenye hesabu. Waliochomwa, wiki ya kwanza: wastani wa mayai 1,150 kwa gramu. Ya pili 1,100, na Jumamosi hiyo nikachoma. Ya tatu 950. Ya nne 700. Ya tano 400. Ya sita 200.

Mtaona furaha niliyokuwa nayo. Nilimwamsha mama watoto saa tano usiku kumwonyesha daftari. Akalitazama, akauliza, "Na hawa wengine?"

Hawa wengine, ambao hawakuguswa na sindano: 1,100, 1,150, 900, 750, 400, 250.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nilitunga nadharia. Nilisema waliochomwa wanaangusha mayai machache, kwa hiyo malisho yamekuwa safi, kwa hiyo hata wasiochomwa wanameza lava (viluwiluwi wa minyoo) wachache. Inapendeza kusikiliza, sivyo? Haiwezekani. Jike mmoja wa Haemonchus hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na waliokwisha kukaa tumboni hawana habari kwamba malisho yamesafishwa; wataendelea kutaga wiki na wiki. Nimefundisha biolojia miaka 26 na hilo nimeliandika ubaoni kwa mkono wangu. Lakini nadharia ukishaipenda unaifichia aibu zake kama mtoto wa kwanza.

Aliyeivunja ni Zeituni. Huyu ni wa kundi lisilochomwa, mweusi, mwenye doa jeupe sikioni. Wiki ya sita nilimfunua kope nikaweka kando ya jicho kadi ya FAMACHA, ile ya rangi za kope inayopima upungufu wa damu, 1 nyekundu hadi 5 nyeupe: daraja la 4, karibu na 5, weupe wa karatasi. Chini ya taya amefanya uvimbe laini kama mfuko wa maji. Mbuzi huyu ananyonywa damu, hata mtoto angeona. Nikapeleka kinyesi chake kwenye hadubini, nikapitisha chemba zote mbili za slaidi, mstari kwa mstari. Mayai mawili. Mara 50, ni 100 kwa gramu.

Nilirudia. Mawili tena. Nikarudia na gramu 4 nyingine: moja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilianza kwa kusema labda ni minyoo wachanga, kwa sababu wale hufyonza damu kabla hawajaanza kutaga, na kutoka kumeza lava hadi yai la kwanza ni kama wiki tatu. Lakini wiki tatu nyuma Zeituni alikuwa na 800. Wale waliokuwa wakitaga wameenda wapi? Nikaituhumu hadubini, nikasafisha lenzi. Nikalituhumu chujio la chai (ndiyo, natumia chujio la chai, na mama watoto ana lake jingine, tumeshayamaliza hayo). Nikajituhumu macho, nikamwita mpwa wangu ahesabu, akapata mawili.

Kilichonifungua ni chai. Siku zote nikihesabu na maji ya chumvi (uzito wake ndio unaoelesha mayai juu yaonekane), slaidi nikiiacha nusu saa nikanywe chai, narudi nakuta fuwele zimeota pembezoni kama barafu, na ndani yake mayai yamekunjamana. Nimelilalamikia hilo hapa mara ngapi? Basi wiki zile za mwisho nilikuwa nakwenda kunywa chai, nikirudi slaidi ni safi kabisa. Na mimi nilikuwa nafurahi! Niliandika hata kwenye daftari, "fuwele zimeacha kusumbua, chumvi hii mpya nzuri." Hakukuwa na chumvi mpya. Hakukuwa na chumvi.

Nilikwenda stoo, nikatia kidole mtungini, nikaonja. Ilikuwa kama supu ya mgonjwa wa presha.

Hapo nilitaka namba, si ulimi. Lactometa ya maziwa haisaidii, inaishia kwenye uzito wa 1.040 (maji matupu ni 1.000) na maji yetu yanatakiwa yafike 1.200. Nikakumbuka kwamba asidi ya betri ya gari hupimwa mulemule, kati ya 1.100 na 1.300. Nikabeba chupa hadi kwa fundi wa betri pale Gilgil. Akayavuta maji kwa kile kipimo chake cha kioo chenye pampu ya mpira, kiboya kikazama hadi chini kikagonga kitako, kikatulia humo. Fundi akakiinua kwenye mwanga, akakitikisa, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii imekufa. Cell zote?"

Nilimwambia ni maji ya kuhesabia mayai ya minyoo ya mbuzi. Akanipa kipimo cha zamani bure, nadhani ili niondoke haraka.

Nyumbani nikamwita mpwa wangu.

"Huu mtungi unaujazaga?"

"Ndiyo mjomba. Ulisema usiwahi kuisha. Kila Jumamosi ukimaliza naongeza maji mpaka pale kwenye mstari."

Maji. Matupu. Na kweli nilimwambia usiishe. Sikumwambia usiishe nini. Kosa ni langu lote na kijana sijamfokea. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja. Mwanzo nilitia kilo 2 za chumvi ndani ya lita 5, ikabaki kidogo chini bila kuyeyuka, kama inavyotakiwa. Kila Jumamosi mbuzi 24 hula mililita 56 kila mmoja, jumla lita 1.3 na ushei. Zinaondoka na chumvi yake, zinarudishwa maji ya mfereji. Baada ya Jumamosi ya kwanza tumebaki na gramu 300 hivi kwa lita, kisha 220, kisha 160, kisha chini ya 120, kisha 86. Ukiichora hiyo kando ya wastani wangu wa mayai, mistari miwili inateremka kama mapacha wanaoshuka ngazi. Nilikuwa nimepima kuisha kwa chumvi, kwa umakini mkubwa, kwa wiki sita.

Kinyesi cha Zeituni kilikuwa bado kwenye mfuko ndani ya friji (na hilo nalo tumeshalimaliza). Nikapika maji mapya, kiboya kikapanda kikasimama kwenye 1.200 sawasawa, nikahesabu. Mayai 64. Yaani 3,200 kwa gramu. Alipewa dawa usiku uleule na sasa jicho limerudi kwenye 3.

Wiki ya tatu hadi ya sita nimezipiga mstari mwekundu. Haziokoleki, huwezi kuzidisha hesabu ya slaidi kwa kisio la chumvi ukaiita data.

Neno kidogo kuhusu vifaa, kwa kuwa kila mara naulizwa. Wapo wanaoapa kwa maji ya sukari. Ni kweli hayatoi fuwele haraka na ni mazito zaidi, lakini huku kwetu ukiweka sukari mezani unahesabu sisimizi, si mayai. Chumvi ya jikoni yenye madini joto inatosha kabisa. Slaidi ya McMaster, ile ya chemba mbili za kuhesabia, ya plastiki inachubuka, ila nimeizoea. Kitu ambacho sasa nasema ununue kabla ya hadubini yenyewe ni kipimo cha betri.

Haya, hesabu mpya za wiki ya 7, 8 na 9, kwa maji yaliyopimwa kila asubuhi: waliochomwa wastani 1,350, wasiochomwa 1,400. Hakuna kitu. Ndani ya kila kundi kuna mbuzi wa 100 na mbuzi wa 5,000, kwa hiyo tofauti ya 50 ni yai moja kwenye slaidi, ni kelele tu. Sindano haikupunguza mayai.

Iliniuma, sitaficha. Lakini upande wa macho, waliochomwa wenye daraja la 4 ni wawili; wasiochomwa ni wanne. Kwa mbuzi 12 kila upande hiyo si hoja, na mimi nimetoka kuungua juzi. Ila imenifanya nigundue kwamba tangu mwanzo nimechanganya mambo mawili: mnyama anayewazuia minyoo, na mnyama anayebeba minyoo walewale bila kuzidiwa. Mayai yanapima la kwanza. La pili halionekani kwenye hadubini hata kidogo. Linaonekana kwenye kope, kwenye mizani, kwenye maziwa. Huenda seleniamu, kama inafanya lolote, inafanya huko.

Mpango ulisema sasa nipeleke damu ipimwe glutathioni peroksidasi, kile kimeng'enya kilichojulikana mwaka 1973 kuwa kinabeba seleniamu. Nimeuahirisha, na sababu si pesa peke yake. Seli nyekundu za damu, ambamo kimeng'enya hicho hupimwa, hupewa seleniamu yake zinapotengenezwa, kisha huishi miezi kadhaa nayo. Sasa mbuzi anayefyonzwa na Haemonchus anapoteza seli za zamani na kuharakisha mpya, mpya za leo, zenye seleniamu ya leo. Nikipima mbuzi mwenye minyoo na asiye nayo, napima umri wa damu au lishe? Na minyoo wenyewe huharibu tumbo na kupoteza protini. Ukikuta mnyama ana seleniamu kidogo na minyoo wengi, nani alimwanzia mwenzake? Nikisoma kwamba wanyama fulani "wenye upungufu wana minyoo zaidi", siku hizi nauliza kwanza walichomwa sindano au walipimwa tu. Kulungu wa California, ambao matokeo yao yalichapishwa 1994, walipewa kweli seleniamu, na watoto waliofika kuachishwa wakazidi mara mbili. Huo ndio ushahidi ninaouonea wivu.

(Na kabla hamjaniuliza dozi: sitaandika. Mbuzi anahitaji miligramu 0.1 hadi 0.3 tu kwa kilo ya chakula kikavu, na kutoka kufaa hadi kuua si mbali. Aprili 2009 huko Florida farasi 21 wa polo walikufa kwa mchanganyiko uliozidishwa seleniamu. Muulize daktari wako.)

Halafu, kama kawaida yangu, nimepotea njia. Nikitafuta habari za seleniamu ya Bonde la Ufa nimekutana na shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuta swala pala wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru wana upungufu wa shaba, na tuhuma ikaangukia molibdeno, madini mengine, ambayo kwenye udongo wa magadi mimea huifyonza kwa wingi na ndani ya tumbo huifunga shaba isitumike. Sisi tuko jirani hapa. Na kuna zile kapsuli za vipande vya waya wa oksidi ya shaba: hukwama kwenye mikunjo ya tumbo la nne, huyeyuka polepole, na Haemonchus hazipendi kabisa. Kirutubisho na dawa kwa pamoja! Mbuzi wanazistahimili kuliko kondoo, na ndiyo maana kondoo wa jirani sitawagusa; shaba huwaua kimyakimya.

Sasa swala pala wanaruka ua usiku na wanaacha marundo yao kona ya chini, pale mbuzi wanapoanzia kulisha. Nimeandika kuomba ruhusa ya kuyachunguza, maana kinyesi cha mnyamapori si mali yangu hata kikianguka kwangu. Wakati nasubiri, najizoeza kuotesha lava wa mbuzi, kwa sababu mayai ya jamii hii yote yanafanana na huwezi kujua ni Haemonchus mpaka uwaone wakiwa lava. Punda milia nimewaacha. Minyoo yao kwa sehemu kubwa ni ya farasi.

Mitungi sita ya jamu iko dirishani jikoni, siku ya nne, inatiwa unyevu asubuhi na jioni. Ule wa njano umesharudi stoo. Mpwa wangu ameuandika kwa makapeni nyeusi, herufi kubwa: CHUMVI, SI MAJI.