Kitanzi na kisu: wiki mbili Tsukiji

Nilishuka kituo cha Tsukiji, Tokyo, saa moja asubuhi, manyunyu yanadondoka, harufu ya samaki wa kuchoma imejaa barabarani. Mnada mkubwa wa samaki ulihamia Toyosu Oktoba 2018, lakini vibanda vya soko la nje vimebaki, na ukivipita unafika Kituo cha Taifa cha Saratani cha Japani, kilichopo hapo tangu 1962. Nilikuwa nimesafiri karibu siku nzima kutoka Moshi, miguu imevimba, lakini usingizi hata sikuuwaza.

Kilichonipeleka ni kimoja. Wagonjwa wangu wengi wa saratani ya tumbo hufika chakula kimeshakataa kupita, wamekonda, na tunachoweza ni kuwapunguzia maumivu tu. Nilitaka kuiona saratani hiyo ikitolewa ingali changa, kwa kamera iliyopitishwa mdomoni, tumbo halijaguswa na kisu kwa nje. Ikiwa changa huwa imekaa kwenye tando telezi, ule utando wa ndani kabisa wa tumbo, au imegusa tabaka lililo chini yake, haijafika kwenye msuli.

Njia ni mbili, nami nilikuwa nazijua kwa kusoma tu. Ya kwanza, EMR, ni ya kitanzi: unadunga maji ya chumvi chini ya uvimbe ili uinuke, unauzungushia kitanzi cha waya, unakaza, unapitisha umeme, umekatika. Ya pili, ESD, ni ya kisu kidogo cha umeme kinachotenganisha tando lenye saratani na tabaka la chini; mimi naiita kuchuna, kwa sababu ndicho hasa kinachofanyika.

Kitanzi nilikiona mara moja tu wiki zote mbili, kwenye uvimbe wa milimita 8. Dakika chache, kazi imekwisha. Huko sasa kwa tumbo wanachuna zaidi, na siku ya nne nilielewa kwa nini.

Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, hana dalili yoyote. Alikuwa amekwenda kwenye uchunguzi wa kawaida tu. Tangu 2016 mwongozo wa Japani unaruhusu wenye miaka 50 na kuendelea wapimwe tumbo kwa kamera kila baada ya miaka miwili. Kwenye skrini niliona tumbo safi. Sensei, ndivyo wote walivyomwita daktari mkuu wa chumba kile, akanyunyizia rangi ya buluu. Rangi ikatuama kwenye vibonde, na hapo ndipo kikajitokeza kidoa chekundu kilichobonyea kidogo, upana wake kama sentimita 3. Nakiri kwa uchungu kwamba mimi ningekipita.

Kitanzi kisingekitosha kidoa kile. Ukizidi sentimita 2, kitanzi hakiumezi uvimbe kwa mkupuo mmoja. Unaukata vipande vipande, na katikati ya kipande na kipande panaweza kubaki kitu kikaota tena. Sensei alianza kwa kuchoma vidoti kwa umeme kukizunguka kidoa, nje kidogo ya mpaka wake. Akadunga maji mazito ya kuinua tando. Kisha akachukua kisu chenye kijipira cha kauri kwenye ncha, kilichobuniwa hapohapo Tsukiji miaka ya 1990. Kauri haipitishi umeme, kwa hiyo ncha haitoboi ukuta. Kinachokata ni ule ubavu wa waya. Akakata duara nje ya vidoti, halafu akaingia chini ya tando na kuanza kuchuna polepole, kama mchinjaji mzuri anayetenganisha ngozi na nyama bila kuitoboa. Kimshipa kikivuja, anakibana kwa koleo na kukichoma kabla damu haijaziba macho ya kamera. Saa moja na nusu ilipita. Hakuna aliyeongea pasipo sababu.

Kuchuna kuna gharama yake. Muda ni mrefu, na ukuta wa tumbo hutoboka mara nyingi zaidi kuliko kwa kitanzi. Matundu mengi huzibwa kwa vibanio kupitia kamera ileile, lakini anayeyaziba lazima awe na mkono uliozoea. Jumamosi walinipa tumbo la nguruwe nijaribu. Nililitoboa mara mbili ndani ya nusu saa.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kilichofuata baada ya kamera kutolewa. Kile kinyama kilikuja kizima, laini, kikijikunja kwenye kiganja cha daktari kijana. Akakitandaza juu ya ubao mdogo na kukiwamba kwa pini nyembamba ukingo mzima, moja baada ya nyingine, kama ngozi ya ngoma, mpaka vidoti vyote vikaonekana. Ndipo kikaingia kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Mwanapatholojia, daktari anayesoma vinyama kwa hadubini, atakikata vijipande vya milimita 2 na kusoma kila kimoja: je, ukingo ni safi? Saratani imezama kiasi gani? Ikivuka nusu milimita chini ya tando, hatari ya kufika kwenye tezi za limfu inapanda na mara nyingi mgonjwa hushauriwa upasuaji. Kinyama kilichotoka vipande vipande hakisomeki hivyo.

Nyumbani nitaanza na kitanzi, kwa vile vidogo visivyofika sentimita 1.5, na hilo silionei haya. Kuchuna kunataka wagonjwa wengi wa hatua ya awali mkono upate kuzoea, nasi bado hatuwaoni. Rangi ya buluu, hata hivyo, sitasubiri nayo. Hiyo naanza nayo Jumatatu.

Siku mbili kabla sijaondoka Sensei aliniita nisome naye jibu la yule mzee. Ukingo safi pande zote. Saratani haikuwa imevuka tando telezi.