Siku yangu moja Moshi na wagonjwa wa moyo kutanuka

Saa 11 alfajiri

Simu inaanza kulia meseji kabla sijafungua macho vizuri, na meseji zenyewe ni namba tupu. 68. 54 na nusu. 71. Mwingine anaandika "dokta leo 63 na nimelala vizuri". Hao ni wagonjwa wangu wa moyo kufeli, wengi huku mtaani wanasema moyo kutanuka, nimewazoesha kwamba ukiamka, ukishakojoa, kabla hujanywa chai, panda kwenye mzani afu nitumie. Nina daftari la kaunta, kila mtu na ukurasa wake, naandika nikiwa bado kitandani.

Kwanini uzito? Kwasababu moyo ukizidiwa maji yanaanza kubaki mwilini taratibu, na yanaonekana kwenye mzani kabla hayajaonekana miguuni. Mtu akiongeza zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hayo sio mafuta, hayo ni maji, na ukimwahi hapo unamwongezea Lasix, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, anabaki nyumbani kwake, ukimchelewa utampokea usiku wa manane amekaa wima hawezi kulala, anatoa povu mdomoni.

Leo kuna mzee wa Kiboriloni hajatuma, hii ni siku ya tatu. Nimemwekea alama.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, saivi nasomea ubingwa bobezi wa moyo na nguvu zangu zote nimeziweka kwa hawa wa moyo kufeli waliofika mbali, wale ambao vidonge vya kawaida vinaelekea kugonga mwamba.

Saa 1 na nusu

Nimefika na daladala, mlima uko wazi hadi Kibo, hakuna wingu. Ripoti ya asubuhi. Intani aliyekuwa zamu anasoma waliolazwa usiku, wa nne ni mama wa miaka 26 kutoka Rombo, amejifungua wiki 7 zilizopita, anahema. Alishapita kwenye vituo viwili, kimoja wakampa dawa za pumu, kingine wakasema nimonia. Nikajua kabla hajamaliza kusoma.

Saa 3, raundi

Nikifika kitandani sianzi na mashine, naanza na miguu. Nafunua shuka naishika juu ya kifundo kwa kiganja kizima, kwasababu miguu inakwambia kama damu inafika au haifiki. Ya huyu dada ilikua baridi kama ametoka kufua mtoni, na ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Afu shingo. Tunamwinua mgonjwa nusu kukaa, anageuza uso kidogo kushoto, namulika kwa pembeni na tochi ya simu natafuta mshipa unaochezacheza, kwa mtu mwenye afya hutauona juu hivyo lakini wake ulikua unapiga hadi chini ya sikio. Nikawaita maintani wote wauone, yaani ukishauona vizuri mara moja hutausahau. Mwenye maji na miguu ya moto ni mgonjwa wa Lasix ya mshipa, mwenye maji na miguu ya baridi ni mwingine kabisa, huyo moyo wenyewe umechoka kusukuma. Presha 86 kwa 60.

Eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, tuliifanya palepale kitandani. Moyo wa kawaida kila ukijikunja unasukuma nje asilimia 55 na zaidi ya damu iliyojaa kwenye chumba kikubwa cha kushoto, wa kwake 22. Huu ni ule ugonjwa wa moyo wa wazazi, unaanza mwishoni mwa mimba au miezi michache baada ya kujifungua, na watu wanaukosa sana kwasababu kila mjamzito anavimba miguu, kila mwenye kichanga anachoka, basi dalili zote zinapata maelezo yake mpaka siku anashindwa kulala chali.

Tukaanza dobutamini ya kuusaidia moyo kusukuma, kwenye pampu, Lasix kwa mshipa, na heparini ya kuzuia damu isigande. Na kuna dawa inaitwa bromokriptini, inazuia homoni ya maziwa, na homoni hiyo ikikatwakatwa mwilini kipande chake kimoja ndo kinachodhaniwa kuumiza moyo. Maana yake maziwa yanakauka.

Hapo ndo kazi ilipokuwa. Mama mkwe wake amekuja na chupa ya mtori, kaamka saa 9 usiku kuupika ili mkwewe apate maziwa, na mimi ndo natakiwa niseme. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mama, mtori aendelee kunywa, usiutie chumvi tu, lakini mtoto itabidi apate maziwa ya kopo." Akanyamaza, akamwangalia mwanawe. Baba mtoto ndo akauliza kopo moja linakaa siku ngapi kwa mtoto wa wiki 7, na linauzwa bei gani. Swali zuri kuliko yote niliyosikia wiki hii, maana mtoto huyu asipokula ipasavyo nitakua nimetibu mmoja nikaumiza mwingine. Tukaita afisa ustawi wa jamii, tukakaa wote. Mgonjwa mwenyewe akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi, "nipeni hiyo dawa, mtoto anataka mama". Tukampa.

Habari ya kutobeba mimba nyingine sikuigusa leo, tutaongea akiweza kulala chali.

Watu wakisikia moyo kufeli wanafikiria wazee, na Ulaya na Marekani wengi kweli ni wa miaka 70 na kuendelea. Huku kwetu ule utafiti wa mahospitali 12 kwenye nchi 9 za Afrika uliotoka 2012, wagonjwa 1,006, wastani wa umri ulikua miaka 52 na chanzo namba moja ni presha. Miaka 52 mtu bado anasomesha.

Saa 5, kliniki

Benchi limejaa. Wengi ni haraka, uzito, presha, dawa zipo hazipo, rudi baada ya mwezi.

Mmoja ndo alinikalisha. Bibi wa Kibosho, miaka 67, anakunywa dawa zote nne zinazotakiwa, mjukuu wake anamhesabia kwenye kikopo, na bado kila akija ameongezeka, leo kilo 3. Mara mbili zilizopita nilimwongezea Lasix na nikamwambia kuhusu chumvi. Leo nikasema hapana, kuna kitu sijauliza.

"Shikamoo bibi. Chumvi umeacha?"
"Marahaba mjukuu wangu. Nimeacha kabisa, hata kwenye mchuzi."
"Sasa jana mlikula nini?"
"Kiburu."
"Na juzi?"
"Makande."
"Mnatia magadi?"
"Eeh, sasa maharage yataivaje?"

Magadi! Nilitaka kujipiga kichwa. Nimekulia Pasua, nimekula kiburu, zile ndizi na maharage, na makande ya magadi utoto wangu wote, na miezi miwili yote naongelea chumvi ya mezani peke yake. Magadi ni sodiamu ile ile inayoshika maji mwilini, imevaa nguo nyingine tu. Tena sio jambo geni kwa sisi wa moyo, madaktari wa Zaria kule kaskazini mwa Naijeria waliandika tangu miaka ya 1970 kuhusu wazazi waliokua wanalishwa kanwa kwa wingi baada ya kujifungua, na kanwa ni magadi, wakawa wanakuja wamevimba, moyo umefeli. Nilisoma hiyo kitu kwa ajili ya mtihani na sikuiunganisha na sufuria ya bibi wa Kibosho.

Tukakubaliana maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe bila magadi. Bibi akasema kuni zitaisha. Ni kweli, na mkaa au gesi ni hela, kwahiyo mjukuu akasema atapika mengi mara moja kwa wiki na kugawa. Lasix sikuiongeza leo, anarudi baada ya wiki moja nione.

Kwenye fomu ya kliniki kulikua na kimstari kimoja, "chumvi". Nimeongeza kwa kalamu "na magadi", fomu zote zilizobaki mezani.

Saa 9 alasiri

Wali maharage haraka haraka, afu nikampigia mzee wa Kiboriloni. Haijapokelewa.

Saa 11 jioni

Wodini tena. Yule dada amekojoa lita 2 na nusu tangu asubuhi, tunapima kwa chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa juu, nesi amechora mistari kwa kalamu ya wino mzito. Shingo imeshuka kidogo. Miguu bado baridi, sio kama asubuhi lakini bado. Wengi wa ugonjwa huu moyo unarudi ndani ya miezi kadhaa, sasa kazi ni kumvusha hapa.

Saa 2 usiku

Darasa la mtandaoni, leo ni kupandikiza moyo. Kuna mwenzangu aliwahi kuniuliza unajifunza hilo la nini wakati hapa nchini figo tunapandikiza tangu 2017 pale Muhimbili lakini moyo bado. Jibu langu ni kwamba mgonjwa anaweza kupandikizwa India akarudi kuishi Himo, na akiumwa usiku atakuja kwetu.

Na ni elimu inayokupa heshima kwa moyo. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake, kwahiyo unapiga haraka muda wote, 90 mpaka 110 mtu akiwa amekaa tu, na mishipa yake ikiziba mwenye moyo mara nyingi hasikii maumivu ya kifua. Dawa za kuzuia mwili usiukatae zinanywewa kwa saa ile ile kila siku maisha yote, na balungi haruhusiwi kula kwasababu linapandisha dawa kwenye damu. Moyo ukishatolewa kifuani mwa aliyefariki na kuwekwa kwenye barafu una kama masaa 4 tu. Basi likitoka Moshi masaa 4 mko maeneo ya Mombo. Daktari Barnard wa Afrika Kusini alivyopandikiza moyo wa kwanza wa mtu kwa mtu Cape Town tarehe 3 Desemba 1967 mgonjwa aliishi siku 18 akafa kwa nimonia, kinga ilikua imezimwa. Kazi ya kushona iliwezekana mapema, iliyochukua miaka ni hii ya kumlinda mtu baada ya kushonwa.

Saa 4 kasoro usiku

Simu. Mzee wa Kiboriloni.

"Dokta samahani, mzani aliazima jirani kupimia parachichi, ndo kaurudisha saivi. 78."

Kwenye daftari mara ya mwisho 75.

"Baba, unalala na mito mingapi?"
"Miwili. Zamani mmoja."
"Unahema ukiongea?"
"Hapana. Ila viatu vinanibana."

Anaongea sentensi nzima bila kukata, kwahiyo tunaweza kusubiri asubuhi. Nimemwambia leo alale ameinuka, akizidiwa asingoje kuche, aje usiku huo huo, la sivyo kesho akiamka vidonge viwili vya Lasix badala ya kimoja afu saa 2 awe mlangoni kwangu, na aje na mzani wake nimwandikie jina kwa rangi.