Korasi ni ya mpiga rithimu

Siku hizi korasi, ile pedali inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, imefanywa pambo la gitaa la solo. Wimbo ukifika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea, mpiga solo anakanyaga pedali aliyoizungusha mpaka mwisho, noti zinayumba, kazi yote ya vidole inafunikwa. Mimi napiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi hapa Dar, na nasema wazi kwamba korasi ingepaswa kukaa kwetu kwanza.

Sababu iko ndani ya pedali yenyewe. Sauti ya gitaa ikiingia inagawanywa mara mbili. Moja inapita kama ilivyo. Nyingine inacheleweshwa kidogo mno, milisekunde 10 au 20 hivi, muda ambao sikio haliwezi kuutambua kama mwangwi. Na muda huo hautulii, unarefuka na kufupika bila kukoma. Ukifupika, sauti iliyocheleweshwa inapanda kidogo; ukirefuka, inashuka. Zikikutana tena, unasikia magitaa mawili yanapiga kitu kilekile bila kulingana kabisa, kama ambavyo watu wawili hupiga. Rithimu inahitaji unene huo. Solo inahitaji kusikika noti kwa noti.

Kwa anayetaka kuisikia ilivyokusudiwa, atafute amplifaya ya Roland JC-120, iliyotoka Japani mwaka 1975. Ina spika mbili za inchi 12, kila moja na wati zake 60. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu na nyingine inatoa ile inayoyumba. Hazichanganywi kwenye waya, zinakutana hewani. Simama katikati, piga kodi moja ya Sol (noti kadhaa kwa pamoja), uiache ilie mpaka iishe. Kisha sogea hatua mbili kushoto upige tena: kodi ni ileile lakini sauti imebadilika. Nilipoisikia mara ya kwanza, studio ya watu, sikutaka kuondoka.

Mwaka 1976 mtambo huohuo ukawekwa kwenye boksi la kukanyaga, Boss CE-1, pedali ya kwanza ya Boss, chapa ya Roland. Ni pande la chuma. Mwaka 1979 ikaja CE-2, ndogo, ya vitufe viwili tu vya kuzungusha: Rate kwa kasi ya kuyumba, Depth kwa kina chake. Pedali nyingi unazoziona madukani leo zimefuata njia hiyo.

Kinachochelewesha sauti kwenye pedali hizo za zamani ni aina ya chipu iliyobuniwa kwenye kampuni ya Philips, Uholanzi, mwaka 1969. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vidogo vilivyopangwa mstari, kila kimoja kinamkabidhi mwenzake alichopokea, kama watu waliojipanga kutoka kisimani wakipokezana ndoo. Chipu yenye hatua 1024, ikiendeshwa na saa inayopiga mara 100,000 kwa sekunde, inachelewesha sauti kwa milisekunde 5 hivi. Punguza kasi ya saa kwa nusu, unapata 10. Kwa hiyo kuyumba kote tunakokusikia ni saa tu inayoharakishwa na kupunguzwa. Na kwa kuwa mstari huo unaleta mavumo, watengenezaji walikata sauti kali za juu kwenye nakala iliyocheleweshwa. Ule upole tunaoupenda umetoka hapo.

Basi mimi naiweka hivi: Rate chini kabisa au juu yake kidogo, Depth isivuke katikati. Kwenye sehemu ya kuimba, tempo ikiwa ya taratibu, naipandisha Depth kidogo, kodi zinatanda chini ya waimbaji. Sebene likianza naishusha, maana mkono wa kulia unakimbia na kila mkwaruzo wa waya lazima ukatike vizuri. Ukitumia pia pedali ya kukoroma (distortion), korasi ije baada yake. Ikitangulia, kuyumba kunatafunwa na sauti inakuwa tope.

Na kabla ya yote, tuni gitaa korasi ikiwa imezimwa. Waya wa pili ukiwa umelegea hata kidogo, korasi haiufichi. Inauongezea kosa juu ya kosa, na kibodi itakaposhika kodi hiyohiyo ukumbi mzima utajua.

Kwenye baa tunazopiga, fundi mitambo huwa anaziunganisha spika zote kwenye mkondo mmoja, kwa hiyo kule kukutana hewani hakupo. Vyote vinafika vimeshachanganywa. Bado inafaa. Tangu mpiga solo wetu wa pili ahamie Mwanza, korasi imetusaidia kujaza ukumbi. Lakini yeye alikuwa na fungu lake, lile la kujibizana na solo juu kwenye shingo ya gitaa, na hilo pedali haiwezi kulipiga. Nafasi yake bado iko wazi. Kama unalijua fungu hilo na uko Dar, niandikie, uje mazoezini na gitaa lako.