Zulia la kijani nyuma ya jiko

Leo mama mkwe kanikuta nimechuchumaa nyuma ya jiko na chupa ya kupuliza maji. "Mwanangu, wenzio wanausugua kwa brashi ya waya utoke, wewe unaunywesha?" Nikacheka tu.

Nazungumzia kuvumwani, ule uoto laini wa kijani unaojitandaza kwenye mawe na kuta zenye unyevu. Huku Lushoto, kwa ukungu huu wa asubuhi, unaota hata usipoutaka. Ila kuuotesha pale unapotaka wewe, hapo ndipo kazi! Mara ya kwanza nilifuata ushauri wa kuusaga na mtindi kisha kupaka kwenye mawe. Nikavuna harufu na sisimizi, basi.

Mara ya pili nilibandua vipande kwenye msingi wa tangi letu la zamani (wa hifadhini tuuache huko huko), nikakwaruza udongo kivulini, nikavilaza na kuvikanyaga kwa miguu mitupu vishikane na ardhi. Hauna mizizi ya kweli, maji unayanywa kwa vijani vyake, kwa hiyo samadi sikuigusa. Nanyunyizia maji ya mvua asubuhi na jioni, na majani makavu yakidondoka juu yake nayaokota kwa mkono.

Januari jua lilikaza, ukawa kahawia, mkavu kama chapati ya juzi. Nikajua umekufa. Mvua moja tu, kijani kikarudi siku ile ile. Sasa wanaonitoa jasho ni kuku wa jirani, wanaufukua kutafuta wadudu.