Kuoanisha daftari la trafiki na la hospitali: ajali za TANZAM kati ya Igawa na Tunduma

Daftari la ajali la trafiki huandikwa kwa ajili ya kesi: dereva nani, gari namba gani, kosa gani, shahidi yupo au hayupo. Daftari la hospitali huandika jeraha na matibabu, wala halina haja ya kujua lori lilikuwa linaelekea Dar au Tunduma. Anayetaka kujua ni watu wangapi wanaumia katika kipande fulani cha barabara hana budi kuyafungua yote mawili na kuyaoanisha mstari kwa mstari. Nimeifanya kazi hiyo kwa kipande cha TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, cha Igawa hadi Tunduma. Naeleza ilivyofanyika na mahali inapokwama.

Vibali vinaanzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha unashuka kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa. Kipande hiki kimo ndani ya mikoa miwili, Mbeya na Songwe, kwa hiyo barua zote ni mbili mbili, na hospitali ya rufaa ya kanda ina utaratibu wake. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, majina yalibaki katika faili moja lenye nywila. Faili la uchambuzi lilikuwa na namba tupu.

Mikoa hiyo miwili ina mtego wake. Songwe ilikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kama Njombe ilivyokatwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ukiona mtu anashangilia kwamba ajali za Mbeya zilishuka baada ya 2016, muulize kwanza kama Senjele, Vwawa na Tunduma bado zimo kwenye hesabu yake. Mimi niliacha kabisa kupanga kwa mikoa nikapanga kwa kilomita, maana kilomita haigawanywi na serikali.

Kuipata kilomita yenyewe ni shughuli. Mchoro wa tukio husema "Mlima Nyoka", "Inyala", "mteremko wa Iwambi". Jina kama hilo linaweza kufunika kilomita nzima au zaidi, wakati mhandisi anataka kujua kona. Nilichukua vigingi vya kilomita vya TANROADS, wakala wa barabara, kama msingi, nikapita na simu nikirekodi nukta ya kila kigingi, kila kalavati, kila daraja na kila kituo cha mafuta kinachotajwa kwenye michoro. Andika nyuzi za latitudo na longitudo kwa desimali tano: desimali ya nne peke yake ni kama mita 11, ya tano ni kama mita moja. Ukitumia ramani za zamani, angalia kama zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, kwa sababu ukizipachika juu ya nukta za simu bila kuzigeuza utahama karibu mita 300, na kwenye mteremko wenye kona hiyo ni kona nyingine kabisa. Anayetaka kuendeleza kazi hadi Kitonga akumbuke pia kwamba nyuzi 36 mashariki zinapita kati ya Iringa mjini na Ruaha Mbuyuni, na hapo kanda ya UTM, mfumo wa kuandika mahali kwa mita, inabadilika kutoka 36 kuwa 37.

Kila tukio nililipangia daraja la uhakika wa mahali: A kama kuna kipimo kutoka kwenye alama inayoonekana, B kama ni jina la eneo dogo, C kama ni jina la kijiji tu. Ramani ya maeneo hatari ilichorwa kwa A na B. Kuipachika C katikati ya kijiji ni kubuni eneo hatari ambalo halipo.

Saa ndiyo iliyonilia muda kuliko yote. Askari huandika 2130. Muuguzi wa mapokezi anaandika 4:10, akimaanisha saa nne na dakika kumi usiku. Kompyuta itasoma alfajiri, na majeruhi ataonekana amefika hospitali saa 17 kabla ya kuumia. Hakuna kanuni moja ya kurekebisha, kwa sababu 4:10 hiyo hiyo inaweza kuwa ya asubuhi. Nilitunza saa ilivyoandikwa katika safu yake, na katika safu ya pili nikaweka tafsiri baada ya kuangalia zamu ya muuguzi na mistari iliyo juu na chini yake. Tarehe nazo zinapishana. Ajali ya saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, polisi wataiandika Jumatatu. Muuguzi aliyeingia zamu Jumapili jioni mara nyingi anaendelea na tarehe ya Jumapili mpaka anapotoka. Kwa hiyo dirisha la kuoanisha lilikuwa siku moja nyuma na siku mbili mbele.

Daraja kati ya madaftari haya ni PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi hupewa aende nayo hospitali. Namba yake ikionekana pande zote mbili, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba PF3 hutolewa pia kwa waliopigwa na waliochomwa visu, hivyo rejista yake lazima ichujwe. Tena mara nyingi inatolewa na kituo kilicho karibu na hospitali na si kilicho karibu na tukio, kwa hiyo usikubali jina la kituo liwe mahali pa ajali.

Pasipo na namba, nilitaka vitu vinne vikubaliane: jinsia, umri kwa tofauti isiyozidi miaka 5, nafasi ya mtu (dereva, utingo, abiria, mtembea kwa miguu, bodaboda), na jina kwa sauti yake. Rehema na Lehema ni mtu mmoja, Elia na Eliya pia. Majina ya madereva wa Zambia na Congo huandikwa kama yalivyosikika, hapo uraia na namba ya gari vina nguvu kuliko jina. "Asiyejulikana" hurekebishwa polisi ndugu wakijitokeza, lakini kwenye kitabu cha wodi hubaki hivyo hivyo.

Kuna kuhesabu mara mbili kwa aina tatu. Kwanza, kichwa na tela vina namba tofauti za usajili, na karani asiye makini anaandika magari mawili. Pili, aliyelazwa yumo kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), cha wagonjwa wa nje, na yumo tena kwenye namba 14, cha wodi. Tatu ni rufaa: aliyepokelewa Chimala akapelekwa Mbeya ni mtu mmoja mwenye mistari miwili. Upande wa pili wapo wasioonekana popote. Maiti iliyopelekwa moja kwa moja mochwari haimo kwenye kitabu cha wodi, hivyo rejista ya mochwari ni lazima. Bodaboda aliyeanguka peke yake hana sababu ya kwenda polisi kama zahanati imemshona bila kumdai PF3.

Kifo cha ajali kimataifa ni kile kinachotokea ndani ya siku 30. Daftari la trafiki hujua sana waliofia barabarani na siku ya kwanza. Kuna kizidishi cha 1.30 kwa takwimu za saa 24, lakini kimetokana na nchi za Ulaya, zenye magari ya wagonjwa na wodi za wagonjwa mahututi, na sioni sababu ya kukileta Igurusi. Nilipiga simu kwa namba ya ndugu iliyoachwa wodini, siku ya 31, kuuliza kama majeruhi yu hai. Pengo kati ya vifo vinavyoripotiwa na vinavyokadiriwa si dogo: kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256, na makadirio ya Shirika la Afya Duniani yalikuwa 16,252.

Kwa wale ambao madaftari yote yamewakosa, nilitumia kanuni ya Chapman, inayokadiria idadi ya wote kutokana na wanaojitokeza kwenye orodha zote mbili. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, polisi wana majeruhi 60, hospitali 80, na 40 wapo pande zote. Zidisha 61 kwa 81, gawa kwa 41, toa 1: unapata kama 120, wakati orodha zote mbili zina watu 100. Lakini kanuni inadai orodha zisitegemeane, na PF3 inazifunga pamoja kwa makusudi: aliyepita polisi ndiye anayefika hospitali, na aliyefika hospitali anarudishwa polisi. Wanaooana wanakuwa wengi kuliko bahati tu, na jibu linashuka. Kwa hiyo 120 hiyo isome kama kiwango cha chini.

Safu ya chanzo niliitunza bila kuiamini. "Mwendo kasi" na "uzembe" ni lugha ya mashtaka. Chukua lori lililoshuka mteremko mrefu kwa kukanyaga breki badala ya gia ndogo. Dramu linachemka, msuguano unapungua, gari linamshinda dereva. Mkaguzi anapolipima kesho yake breki zimeshapoa na zinashika vizuri, basi taarifa inasema breki nzima, mwendo kasi. Nilichotafuta ndani ya taarifa ya ukaguzi ni rangi ya dramu kama limegeuka bluu, gia iliyokutwa, uzito wa mzigo, na ekseli zipi breki zake zilikuwa zimefungwa zisifanye kazi au kulegezwa. Nikaongeza upande wa safari, kwa sababu mteremko wa anayekwenda Dar ni mpando wa anayekwenda Tunduma.

Mwisho jedwali likawa na safu mbili za kilomita kwa kila ajali ya mteremkoni: pale gari lilipogonga na pale mteremko unapoanza. Kibao cha kuamuru gia ndogo kinasimikwa kabla ya pale mteremko unapoanza, si kabla ya pale gari lilipogonga.