Siku niliyomwita jaji "mwalimu"

Wiki iliyopita nilisimama kwa mara ya kwanza katika mchujo wa chuo chetu wa mashindano ya mahakama ya kuigiza, nikiwa wakili wa mjibu maombi, yaani serikali ya nchi ya kubuni inayodaiwa kumtesa mwandishi wa habari. Tulifuata mtindo wa mashindano ya haki za binadamu ya vyuo vya Afrika, yaliyoanza mwaka 1992, ambapo wanafunzi wawili hutetea pande zote mbili; kwa hiyo asubuhi nilimlilia mwandishi huyo, na alasiri nikaeleza kwa nini shauri lake halistahili hata kusikilizwa.

Hoja yangu ilisimama juu ya ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayomtaka mlalamikaji amalize kwanza njia za kisheria za nchini mwake. Sikufika sentensi ya tatu kabla jaji wa katikati, ambaye darasani ni mpole kupita kiasi, hajaniuliza: "Wakili, njia hizo zilikuwepo kweli, au zilikuwa kwenye karatasi tu?" Nilifungua faili, karatasi zikamwagika, na nikamjibu "Ndiyo, mwalimu" badala ya "Mheshimiwa Jaji".

Mwenzangu alinisogezea kikaratasi chenye neno moja: "Ucheleweshaji." Nikakumbuka kwamba ibara hiyohiyo humsamehe mlalamikaji ikiwa kesi imecheleweshwa kupita kiasi, nikaeleza kwamba yake ilikuwa na miezi mitano tu mahakamani. Jaji aliandika kitu bila kuinua uso.

Tumeshika nafasi ya tatu.